Kingamwili Yako Imeona Nini Hasa?

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari moja: kingamwili (protini za kinga ya mwili zinazoshika shabaha moja, ambazo maabara huzitumia kutafutia protini) zinazotambua protini za otofajia pale zinapokuwa zimebandikwa fosfeti. Penye uzito nimejibu kwa urefu, na pengine sentensi chache zimetosha. Kwa msomaji anayeingia leo, otofajia ni kazi ya seli kuzingira vipande vyake yenyewe kwa utando na kuvipeleka kwenye lisosomu vikasagwe na kutumika upya. Christian de Duve aliipa jina mwaka 1963. Yoshinori Ohsumi alizitafuta jeni zake kwenye hamira, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Fosfeti ni kikundi kidogo cha kemikali ambacho vimeng'enya viitwavyo kinasi hukibandika juu ya protini, na vingine viitwavyo fosfatasi hukibandua. Kubandikwa na kubanduliwa huko ndiko kunakoamua otofajia ianze au isubiri.

Shikamoo Daktari. Nasoma uzamili wa baiolojia ya seli. Nimetumia kingamwili inayotambua protini ULK1 yenye fosfeti kwenye serini ya 757 (asidi amino ya 757 kwenye mnyororo wake). Seli zilizoshiba zimetoa bendi nzito, yaani mstari wa protini iliyoshikwa, baada ya kutenganishwa kwenye jeli na kuhamishiwa kwenye utando wa maabara (bloti). Nilizozinyima asidi amino kwa saa moja, bendi imetoweka. Nikaandika kwamba otofajia imeongezeka. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umejuaje?" Nimjibu nini?

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekutendea wema. Swali lake limebeba maswali mawili. Umejuaje kwamba kingamwili imeona ULK1 yenye fosfeti mahali pale hasa? Na hata kama imeona sawasawa, umejuaje kwamba fosfeti hiyo kuondoka ndiyo otofajia kuongezeka? Nitaanza na hili la pili, maana ndilo litakalobadilisha sentensi yako.

ULK1 ni kinasi inayokaa kwenye kundi moja na ATG13, FIP200 na ATG101, na kundi hilo ndilo linaloanzisha kazi. Asidi amino zikiwa tele, mTORC1, kinasi inayopima chakula cha seli, huibandika ULK1 fosfeti kwenye serini ya 757 na kuizuia isishikane na AMPK, kinasi inayoamka nishati ikipungua. Maabara ya Kun-Liang Guan kule Chuo Kikuu cha California, San Diego, ndiyo iliyolionyesha hilo mwaka 2011. Asidi amino zikikatika, mTORC1 hunyamaza, fosfeti hubanduliwa, bendi yako hufifia. Kwa hiyo bendi ile ni taarifa ya kile ambacho mTORC1 imeifanyia ULK1. Kufuli kuondolewa mlangoni si ushahidi kwamba mtu ameingia ndani. Baada ya hapo bado protini nyingine zinatakiwa zifanye zao: VPS34 itengeneze lipidi yake, ATG16L1 ifike mahali pake, LC3 ifungwe kwenye utando, kifuko kinachozingira kifumbe, kiungane na lisosomu, kilichomo kisagwe. Kazi inaweza kukwama popote kati ya hapo, na kingamwili yako isingekuambia neno.

Andika hivi: kunyimwa asidi amino kumeondoa fosfeti ya mTORC1 kwenye serini ya 757 ya ULK1. Sentensi hiyo ni yako na hakuna atakayekunyang'anya. Ukitaka kusema otofajia imeongezeka, ongeza jaribio la mtiririko: seli zilizoshiba na zenye njaa, kila kundi likigawanywa, nusu ipewe bafilomisini A1 ili lisosomu isisage, nusu isipewe. Kisha uangalie LC3-II (LC3 iliyofungwa kwenye utando wa kifuko) imepanda kiasi gani kwa sababu ya bafilomisini katika kila hali. Tofauti hiyo ikiwa kubwa zaidi kwenye njaa, hapo unayo haki ya neno "imeongezeka".

Sasa lile la kwanza, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo makala nyingi zinapopwaya.

Kingamwili hizi hutengenezwa kwa kuchukua kipande kifupi cha protini, asidi amino kumi na ushei, kilichoundwa kikiwa na fosfeti juu ya serini ile moja. Hufungwa kwenye protini kubwa ili mwili wa sungura ukione kuwa kigeni, kisha sungura huchanjwa. Damu yake hutoa kingamwili za kila tabia. Zipo zinazoshika fosfeti pamoja na majirani zake, na zipo zinazoshika majirani peke yao, fosfeti iwepo isiwepo. Ndiyo maana poliklonali, yaani mchanganyiko huo wa kingamwili, husafishwa mara mbili: hupitishwa kwenye kipande chenye fosfeti ili zinazokishika zikusanywe, halafu kwenye kipande kisicho na fosfeti ili zinazonasa hapo zitupwe. Usafishaji wa pili ukiwa legelege, kingamwili itaona ULK1 yote, na tofauti kati ya shibe na njaa itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Monoklonali ya sungura, yaani kingamwili ya aina moja tu, hubadilika kidogo sana kutoka toleo hadi toleo, lakini hata hiyo inaweza kushika protini nyingine yenye sura inayofanana.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kuthibitisha, na kila moja lina jaribio lake. Watu hufanya moja wakadhani wamemaliza yote.

Protini kwanza. Chukua seli zilizoondolewa jeni ya ULK1, ziendeshe kwenye jeli moja na seli zako za kawaida zilizoshiba. Bendi lazima isiwepo. Hili ndilo jaribio ninaloliheshimu kuliko mengine, na kama seli hizo huna, tumia RNA fupi za kunyamazisha jeni, ukubali kwamba bendi itapungua tu badala ya kufutika. Kijana mmoja aliwahi kuniletea utando wenye bendi safi mno karibu na kilodaltoni 70 (kipimo cha uzito wa protini), iliyokuwa ikififia kwa njaa kama inavyotakiwa. Sehemu ya juu ya utando alikuwa ameikata aitumie kwa protini nyingine. ULK1 ya binadamu ina asidi amino 1050, hesabu yake ni kama kilodaltoni 113, ila kwenye jeli hutembea karibu na 140 hadi 150. Tulipoendesha seli zisizo na ULK1, bendi yake ya 70 ilibaki vilevile. Seli zina protini nyingi zinazobandikwa fosfeti na mTORC1, kwa hiyo kufifia kwa njaa peke yake hakumtambulishi mtu.

Kisha fosfeti. Seli zisizo na ULK1 hazikuambii kama kingamwili inajali fosfeti au inaona ULK1 tu. Hapo tumia fosfatasi ya lamda. Pasua seli kwenye bafa isiyo na vizuia-fosfatasi wala EDTA, maana kimeng'enya hiki kinahitaji manganizi na EDTA huinyakua. Ipe nusu saa kwenye nyuzi 30. Sampuli iliyotibiwa ipoteze bendi ya fosfeti, huku kingamwili ya ULK1 yote ikiendelea kuiona protini bila shida. Kama zote mbili zimepotea, kuna kitu kimeila protini yako, na jaribio halijasema lolote.

Mwisho mahali. ULK1 ina serini nyingi zinazobandikwa fosfeti, na fosfatasi ya lamda huzifuta zote bila kuchagua. Njia ya kujua kwamba ni ile ya 757 ni kurudisha kwenye seli zisizo na ULK1 toleo ambalo serini hiyo imegeuzwa kuwa alanini. Likionekana kwa kingamwili ya kawaida na lisionekane kwa yako, umemaliza. Wengine hutegemea kushindanisha kingamwili na kipande chenye fosfeti ndani ya kichupa. Mimi silipi uzito mkubwa jaribio hilo, kwa sababu kipande kitaifunga mikono kingamwili isishike chochote, pamoja na ile bendi isiyohusika.

Huhitaji kuyarudia yote kila unapoendesha jeli. Katika maabara ninayofanyia kazi, kila toleo jipya la kingamwili hupitia seli zisizo na jeni na fosfatasi ya lamda kabla ya kuruhusiwa kugusa sampuli za mtu, na picha hubandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya toleo. Baada ya hapo kila utando huwa na sampuli za kulinganishia: seli zilizoshiba, seli zilizopewa torini 1, dawa inayozima mTORC1, ya nanomola 250 kwa saa moja, na ikiwezekana seli zenye njaa zilizorudishiwa asidi amino kwa nusu saa. Bendi ikienda na torini na ikarudi na asidi amino, moyo wangu hutulia.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umesema saa moja. Usishangae ukienda saa nyingi zaidi ukaiona bendi ikianza kurudi. Seli inaposaga vipande vyake hupata asidi amino, na mTORC1 huamka tena. Hilo lilionyeshwa mwaka 2010. Mtu asiyelijua hudhani ameharibu jaribio, kumbe anaitazama otofajia ikijifungia yenyewe.

Seli zilezile, kingamwili ileile, lakini wiki moja bendi ya serini 757 ni nzito, wiki inayofuata hafifu kabisa, na hizo ni seli zilizoshiba. Bosi anasema kingamwili imekufa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara na lawama zote zinaniangukia.

Pole, ndugu yangu. Kabla hamjaizika kingamwili, niambie kwanza seli zilikuwa zimesongamana kiasi gani na zilibadilishiwa midia (chakula chao cha majimaji) lini. Fosfeti ya mTORC1 hufuata chakula. Seli zilizojaa sahani na kukaa na midia ileile tangu juzi zimeshakula asidi amino nyingi, na mTORC1 yao imepoa hata kama hakuna aliyekusudia kuzinyima kitu. Upande wa pili, ukimwaga midia mpya muda mfupi kabla ya kuvuna, mTORC1 huruka juu. Hivyo "zilizoshiba" za wiki moja na "zilizoshiba" za wiki nyingine zinaweza kuwa hali mbili tofauti kabisa. Panda idadi moja ya seli, badilisha midia ya sahani zote kwa wakati mmoja, zile za kulinganishia zikiwemo, na uvune baada ya muda uleule kila mara. Naandika saa ya kuvuna juu ya kila kichupa, na nawaomba wote ninaofanya nao kazi wafanye hivyo.

Halafu mavuno yenyewe. Kusuuza seli kwa bafa ya chumvi isiyo na asidi amino ni kuzinyima, hata kama wewe unaita kusuuza. Suuza mara moja, kwa bafa ya barafu, na haraka. Usizing'oe kwa tripsini ukazizungusha kwenye sentrifyuji ukazisuuza tena. Kufikia hapo umeshabadilisha kile ulichotaka kupima. Mimina bafa ya kupasulia moja kwa moja juu ya sahani iliyo kwenye barafu, kwangua, songa mbele.

Ndani ya bafa hiyo, tazama vizuia-fosfatasi. Nakuta watu wameweka sodiamu othovanadeti peke yake wakadhani wamelinda kila kitu. Othovanadeti hulinda fosfeti za tairosini. Serini zinahitaji sodiamu floridi na beta-gliserofosfeti. Viweke siku ya kutumia, siyo kwenye chupa kubwa iliyokaa mwezi mzima kabatini. Mimi binafsi, pale ninapoweza, huruka hatua hiyo yote: hunyonya midia na kumwaga SDS, sabuni kali, ikiwa ya moto juu ya seli, kila kimeng'enya kikafa papo hapo. Utapata uji mzito kwa sababu ya DNA, uuvunje kwa mawimbi ya sauti au kwa sindano nyembamba. Kiasi cha protini upime kwa BCA, kwa sababu SDS huvuruga kipimo cha Bradford, na DTT (inayovunja viungo vya salfa vya protini) uiongeze baadaye, kwa kuwa DTT nayo huivuruga BCA.

Kingine kinachofanya ULK1 ipotee bila kosa la kingamwili ni ukubwa wake. Protini ya kilodaltoni 150 haitoki kwenye jeli nzito kwa urahisi. Tumia jeli ya asilimia 6 au 8, hamisha kwenye tangi la maji usiku kucha kwa volti 30 mahali pa baridi, na punguza methanoli hadi asilimia 10. Kisha paka rangi ya Ponceau, inayoonyesha protini zote, utazame sehemu ya juu ya utando kabla ya kuuziba (kufunika nafasi tupu ili kingamwili isinase ovyo). Kama pale juu hakuna kitu, mwonyeshe bosi utando huo.

Kichupa kimeandikwa Ser757 lakini seli zangu ni za binadamu, na makala nyingine zinaandika Ser758. Nimenunua kingamwili isiyofaa?

Hapana. Serini ya 757 ni ya panya, na ile ya 758 ni ndugu yake wa upande wa binadamu. Vivyo hivyo 555 ya panya ni 556 ya binadamu. Hakikisha tu kwamba karatasi ya kingamwili inasema imejaribiwa kwa binadamu, na kwenye andiko lako taja unatumia hesabu ya kiumbe gani. Ukitengeneza toleo lenye alanini, rudi kwenye mfuatano wa jeni yako mwenyewe na uhesabu kwa kidole. Kukosea kwa hatua moja hapa ni kupoteza miezi ya kazi.

Nina kingamwili ya ULK1 yenye fosfeti ya serini 555, ile ya AMPK. Bendi imepanda nilipoondoa glukosi. Nikisema AMPK imewasha otofajia, nitakuwa nimekosea?

Kwamba AMPK imefanya kazi yake juu ya ULK1, sema. Kwamba imewasha otofajia, subiri kidogo. Mwaka 2011 tafiti mbili zilizotoka karibu wakati mmoja, moja ya maabara ya Guan na nyingine ya maabara ya Reuben Shaw, zilionyesha AMPK ikibandika fosfeti kwenye ULK1, na tangu hapo mchoro wa "AMPK huwasha, mTORC1 huzima" umechorwa kwenye kila kitabu. Lakini mwaka 2023 ilichapishwa kazi inayoonyesha kwamba njaa ya glukosi inaweza kuizuia otofajia, na AMPK ikawa inaibana ULK1 huku ikiitunza isiharibike. Mjadala huu uko hai, na mimi nafurahi kwamba uko hai. Maana yake kwako ni nyepesi: alama iliyo juu ya serini 555 haiwezi kusomwa kama kipimo cha otofajia. Ipime otofajia yenyewe, kwa mtiririko.

Pia niambie umeondoa glukosi vipi. Kama ulitumia bafa ya Earle iliyo tayari, ile ina gramu moja ya glukosi kwa lita na haina asidi amino. Basi ulichoziondolea seli ni asidi amino, na glukosi imebaki.

Daktari, nianze na kingamwili ipi kwenye utando mmoja, ya fosfeti au ya protini yote? Na je, GAPDH, protini ya kawaida iliyomo kwenye kila seli, haitoshi kulinganishia?

Kama lazima utumie utando mmoja, ya fosfeti itangulie. Ishara yake ndiyo dhaifu, na kila unapovua kingamwili unavua na protini kidogo. Ukishavua, mulika utando kwa kingamwili ya pili tu (ile inayoshika ya kwanza na kutoa ishara), uone kweli umebaki mtupu. Wengi hawafanyi hivyo, na wanachokiita "protini yote" huwa ni mabaki ya kingamwili ya kwanza. Njia ninayoipenda ni kingamwili mbili za wanyama tofauti, ya fosfeti kutoka sungura na ya protini yote kutoka panya, zikisomwa kwa rangi mbili za mwanga kwenye utando uleule kwa wakati mmoja. Kama huna mashine hiyo, endesha jeli mbili za sampuli zilezile sambamba.

GAPDH inakuambia ulipakia protini kiasi gani kwenye jeli. Haikuambii ULK1 iliyopo ni kiasi gani, na ULK1 yenyewe hupungua njaa inapokuwa ndefu. Bendi ya fosfeti ikishuka nusu na ULK1 yote ikishuka nusu, hakuna kilichobadilika kwenye serini ile. Bila kingamwili ya protini yote hutaliona hilo kamwe, kwa hiyo naomba wahariri na walimu waliokataa picha zisizo na jozi hii waendelee kukataa.

Maziwa au albumini ya kuzibia utando? Na naweza kuitunza kingamwili niliyoichanganya nikaitumia tena?

Kwa fosfeti, albumini ya asilimia 5. Maziwa yamejaa kasini, ambayo nayo ni protini yenye fosfeti, na mara nyingi huchafua nyuma ya picha. Kuitumia tena inawezekana kwa sodiamu azidi kidogo, mradi kingamwili ya pili yenye peroksidasi isikutane na azidi hiyo, kwa maana itaiua. Suuza vizuri katikati. Ishara ikianza kushuka, mwaga, na usilinganishe utando wa matumizi ya kwanza na ule wa matumizi ya mwisho.

Nasoma shahada ya uzamivu. Nimetibu seli kwa dawa ninayoichunguza, na nyingine kwa klorokwini, inayokwamisha lisosomu. LC3-II imepanda kote. Siwezi kujua kama dawa yangu inaanzisha otofajia au inaikwamisha mwishoni. Mwenzangu ananiambia niachane na LC3, nitumie kingamwili ya ATG16L1 yenye fosfeti kwenye serini 278. Je, inatosha?

Mwenzako amekuelekeza mahali pazuri, ingawa "achana na LC3" ni kali mno. Tatizo lako ni la zamani. LC3-II hukaa juu ya kifuko tangu kinapotengenezwa hadi kinaposagwa. Vifuko vikiongezeka kwa sababu vinaundwa kwa wingi, LC3-II inapanda. Vikirundikana kwa sababu lisosomu imegoma, inapanda vilevile. Klorokwini inaongeza utata mwingine: inaweza kuifanya LC3 ifungwe kwenye tando za kawaida, zisizo za otofajia kabisa, kwa njia isiyohitaji ULK1. Kwa hiyo hata usemi kwamba klorokwini "inarundika vifuko" haujakamilika.

ATG16L1 ndiyo inayoelekeza LC3 ifungwe wapi. ULK1 ikiamka huibandika fosfeti kwenye serini ya 278. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walichapisha kingamwili ya alama hiyo, na walichokionyesha ndicho kinachokuhusu: ATG16L1 yenye fosfeti hukaa kwenye vifuko vinavyoanza kuundwa tu. Kifuko kikikomaa, haipo tena. Ndiyo sababu kuzuia hatua za mwisho hakuirundiki kama kunavyorundika LC3-II. Unasoma kasi ya kuanza, bila kuchanganywa na msongamano wa mbele. Walionyesha pia kwamba inafaa kwa bloti, kwa seli chini ya hadubini na kwa vipande vya tishu. Kwa tishu hasa hili ni jambo kubwa, kwa sababu kipande cha tishu kilichokwisha kukaushwa huwezi kukipa bafilomisini ukasubiri.

Kwa swali lako, basi, panga sampuli hivi: seli bila kitu, seli zenye torini 1, seli zenye bafilomisini peke yake, seli zenye dawa yako, na seli zenye dawa pamoja na bafilomisini. Dawa ikiwa inaanzisha, fosfeti ya 278 itapanda kama ya torini, na LC3-II itapanda zaidi ukiongeza bafilomisini. Ikiwa inakwamisha, LC3-II itakuwa juu, bafilomisini haitaongeza kitu, na fosfeti ya 278 itakaa karibu na ya seli zisizo na kitu. Ukipata LC3-II juu huku hakuna dalili ya ULK1 kufanya kazi, fikiria ile njia ya tando za kawaida, na ujaribu kwenye seli zilizoondolewa FIP200 au ATG13. Huko otofajia ya kweli haianzi, na LC3-II itakayobaki si yake.

Haitoshi yenyewe kwa sababu inahesabu mianzo tu. Kifuko kilichoanza na kisifike popote kitaonekana sawa na kilichofika, na ndiyo maana LC3 yenye bafilomisini na p62, protini inayosagwa na otofajia, lazima vikae kwenye andiko lilelile. Pia kuna dawa zinazoigusa ULK1 moja kwa moja. Dawa yako ikiwa kizuia-kinasi, jiulize kama fosfeti imeshuka kwa sababu otofajia imepungua au kwa sababu umemfunga mikono yule anayeibandika.

Ujiandae kwa ishara ndogo. Katika wakati wowote, vifuko vinavyoanza ni vichache, na ATG16L1 nyingi ya seli haina fosfeti hii. Pakia protini zaidi ya unavyopakia kwa LC3, laza utando kwenye kingamwili usiku kucha kwenye baridi, na usiongeze muda wa kupiga picha hadi kila kivuli kionekane bendi. ATG16L1 huonekana chini kidogo ya kilodaltoni 70, mara nyingi kama bendi mbili za karibu kwa kuwa ina maumbo zaidi ya moja, nawe uzipime zote. Endesha na seli zisizo na ATG16L1 kwenye ukingo wa jeli. Ukiipata picha, nitumie utando mzima, alama za uzito zikiwa pembeni na muda wa kila tiba ukiwa umeandikwa juu ya sampuli yake.